Pazia la Bei ya Chapati

Waliokuwa nasi wiki jana wanakumbuka Ronny alivyoweka kidole juu ya laptop ya Nadira na kusema, "Mwizi hayuko Gatuanyaga, shem. Yuko hapa mezani kwako." Na wewe unayeingia leo, karibu, vuta kiti. Umekuta aibu ikiwa bado moto.

"Hapa wapi?" Nadira aliuliza.

"Hapa."

"Ronny, usinichezee. Hiyo ni laptop yangu ya kazi."

"Ndiyo hiyo nasema."

Kwa kifupi mambo yalikuwa hivi. Nadira ni mke wa Omar, na wanakaa Gitothua, Ruiru. Ronny ndiye aliyewavutia wifi, na nusu ya mtaa unatumia waya zake. Siku ambayo wazazi wa Zainab, bibi harusi mtarajiwa, walikuja kunywa chai na kupanga nikahi, maafisa wawili wa polisi waliovaa nguo za kiraia waligonga mlango. Walisema kuna mama mzee huko ng'ambo ametapeliwa na mpenzi wa mtandaoni, daktari ambaye hayupo duniani, na ukifuata nyayo za huyo daktari zinaishia kwenye nyumba hii.

Wakaomba kuona simu. Kila mtu akatoa yake isipokuwa Mahir, ndugu mdogo wa Omar, bwana harusi mwenyewe. Mahir aliikumbatia simu yake kifuani akakataa katakata. Nadira akasema mbele ya wakwe, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, "Ni yeye. Kila siku anajifungia chumbani na hiyo simu. Mimi nilijua tu."

Posa ilivunjika chai ikiwa bado vikombeni. Maafisa walimpa Mahir muda wa kwenda kituoni mwenyewe, naye akafunga begi akaenda kwa mama yake Gatuanyaga. Hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na laptop chumbani.

Sasa tuendelee.

"Mahir aliondoka na simu yake, sivyo?" Ronny alisema. "Ule mtandao wa wapenzi wale maafisa walitaja, mbona bado unafunguliwa kutoka hii nyumba? Mimi naona kwa mashine yangu."

"Labda jirani ameiba wifi yetu."

"Nilifikiria hivyo pia. Ngoja uone."

Akazima simu ya Nadira. Akazima televisheni. Kwenye simu yake mwenyewe akamwonyesha mstari uliokuwa ukipanda na kushuka, mtu mahali fulani akiwa anafungua kurasa na kutuma picha. Kisha akafunga laptop. Mstari ukalala.

Akaifungua tena. Mstari ukaamka.

"Haiya," Nadira alisema kwa sauti ndogo. "Lakini mimi sijashika kitu. Nimekuwa hapa naongea na wewe."

"Najua si wewe. Ni hii." Ronny alibonyeza alama ndogo ya kijani iliyokuwa pembeni mwa kioo. "Hii Pazia yako."

"Si ni wewe uliniuzia?"

Hapo Ronny alishindwa kumtazama machoni.

Labda hujui Pazia ni nini. Ni VPN, ile programu ya kukufanya uonekane uko mahali ambapo hupo. Nadira aliihitaji kwa sababu ya kazi yake ya kusikiliza sauti za watu na kuziandika. Kampuni yenyewe iko ng'ambo na haitaki kusikia habari ya mtu anayeishi Kenya, kwa hivyo kila asubuhi Nadira alifungua Pazia, akawa mwanamke wa Amerika mpaka wakati wa kupika. Omar hakujua. Omar alijua mke wake ameajiriwa na kampuni ya wazungu kwa jina lake kamili, na alikuwa amejisifu hivyo kiwandani Thika, msikitini na kwa mama yake.

"Nilikuuzia," Ronny alikubali. "Na mimi pia niliuziwa. Sikiza, shem. Ukifungua hii kitu, wale wa kampuni wanaona uko wapi?"

"Amerika."

"Uko Amerika?"

"Niko Gitothua."

"Sasa hiyo Amerika unatokea ni ya nani? Ni mlango wa mtu huko, amelala, hajui. Na mtu wa huko nje akitaka kujificha, yeye anatokea mlango wa nani?"

Nadira aliitazama ile alama ya kijani.

"Anatokea kwako. Huyo daktari amekuwa akipita hapa kwa sitting room yako akienda kutongoza wamama."

"Hawakuniambia hivyo!"

"Walikuambia." Ronny aliteremka kwenye ile karatasi ndefu ya masharti, ile ambayo mimi na wewe huipita mbio kama mtu anayemkwepa mgeni wa michango. "Hapa. Unakubali wanachama wengine watumie laini yako. Na hapa chini ulibonyeza nakubali."

"Nani husoma hizo vitu?"

"Hata mimi sikusoma," Ronny alisema. "Nimesoma jana."

Nadira alikaa chini. Kitu cha kwanza alichokiona akilini hakikuwa polisi. Ilikuwa sura ya Mahir akifunga zipu ya begi bila kumjibu hata neno moja.

Nitamsema Nadira kwa sababu amestahili kusemwa. Alikuwa na nafasi ya kuchagua vizuri. Wenzake wa kazi ile walikuwa wamemtajia VPN nyingine, ya kampuni inayojulikana, yenye watu unaoweza kuwaandikia ukalalamika, na ambayo imewahi kuita wakaguzi wa nje waje wachungulie. Bei yake ilimtia kizunguzungu. Halafu Ronny akamwambia kuna Pazia, ambayo kwa mwezi ni bei ya chapati na maharagwe. Nadira akauliza maswali mawili tu. Inafanya kazi? Kina nani wanaitumia? Ronny akajibu inafanya, na wengi tu.

Mwanamke huyo huyo, mama mboga akimuuzia sukuma wiki kwa bei ya kutupa, anaigeuza, anainusa na kuuliza imelala tangu lini. Lakini Pazia hakuinusa. Hakujiuliza watu wanaouza kitu cha kuzunguka dunia nzima kwa bei ya chapati wanakula nini wao. Walikuwa wanamla yeye.

"Ile ingine ya bei, hiyo ingekuwa sawa?" aliuliza sasa, maji yakiwa yameshamwagika.

"Hata hiyo si ya kuamini macho yakiwa yamefungwa. Lakini angalau unajua unalipia nini. Hii yetu hatukuwa tunalipia, shem. Ni sisi tulikuwa tunauzwa."

"Nimpigie Omar."

"Ngoja kwanza." Ronny alivuta kiti karibu na kushusha sauti, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu mwingine. "Tufikirie pole pole. Hii kitu nimeuzia watu wengi hapa Gitothua. Ikisikika, estate nzima itakata waya zangu. Niko na bibi, niko na watoto. Na wewe, Omar akijua hukuandikwa kazi na mtu yeyote, itakuwaje? Tuifute tu. Tunyamaze."

"Na Mahir?"

"Mahir ni mtu poa. Atakuwa sawa. Wale maafisa wakikosa kitu watachoka."

"Na Zainab?"

Ronny aliivuta laptop upande wake.

Ungependa nikuambie Nadira alisimama akamfukuza. Hakumfukuza. Alikaa akiangalia ukuta, kisha akasema, "Ifute." Ronny akaifuta, akatoka kwa mlango wa nyuma kama mtu aliyeazima kitu bila ruhusa. Naye Nadira akaosha uso, akavaa buibui lake jeusi na kwenda nyumbani kwa Mzee Uthman, baba yake Zainab, kwa maana siku hiyo alikuwa ameitwa kupokea vitu vya posa vilivyokuwa vinarudishwa.

Kwa desturi yao, mke wa kaka mkubwa ndiye anayeongoza wanawake kupeleka sinia la posa, na likirudi ni yeye analibeba. Nadira alilipeleka akipiga vigelegele. Leo alikuwa analifuata akijua mwenye kosa ni nani.

Mzee Uthman ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Ruiru, na nyumba yake ina zulia ambalo watu huogopa kulikanyaga. Mkewe, Zubeida, alikuwa amelipanga sinia katikati: leso, marashi, kitambaa cha shuka, viatu vya Zainab ambavyo havijawahi kuguswa na vumbi.

"Karibu, mwanangu," Zubeida alisema, akamshika mikono yote miwili. "Najua ni vigumu kwako. Ni shemeji yako."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa hapa karibu na mimi."

Mzee Uthman aliingia, akaketi, akakohoa kidogo. "Nadira, binti yangu, tumekuita kwa sinia, lakini pia tuna neno. Mtu mwingine angeficha jambo la nyumba yake. Angeacha sisi tumpe binti yetu tapeli, halafu tuje kujua watoto wakiwa tayari wamezaliwa. Wewe ulisema kweli mbele ya watu. Hiyo ni imani."

Nadira alitazama zulia.

"Ndiyo maana," Zubeida aliendelea, akitoa leso mpya iliyokuwa imefungwa kwa karatasi, "hii si ya sinia. Hii ni yako. Ni asante yetu."

Akamwekea magotini.

Ile leso ilikuwa nyepesi, lakini Nadira aliona kama amewekewa gunia la mahindi. Alitaka kuitupa. Alitaka zulia la Mzee Uthman limmeze yeye na buibui lake. Badala yake alisema, "Asante, Mama," kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

"Na si hii tu umetufanyia," Zubeida alisema akicheka. "Hata ile Pazia yako imenifaa. Naangalia darsa za ng'ambo ambazo hapa zilikuwa zimefungwa. Nimewapa wenzangu wote wa darasa la akina mama."

"Umewapa?"

"Wote. Si ulituambia kila unayemleta unapata mwezi wa bure?"

Kwa hivyo Mama Zainab alikuwa ameufungua mlango wa nyumba hii pia. Yule daktari angeweza kuwa anapita kwenye zulia hili hili wakati huu wakinywa sharubati.

"Mama," Nadira alisema, "toa hiyo kitu kwa simu yako."

"Pazia? Kwa nini?"

"Nimesikia... nimesikia ina virusi."

"Umesikia wapi?" Mzee Uthman aliuliza.

"Watu wanasema tu."

"Watu gani? Maana hiki kitu kiko kwa simu ya mke wangu."

"Mzee, ni vizuri tu itolewe. Waambie na wale wengine watoe."

Zubeida alikunja uso. "Lakini Nadira, wewe uliapa."

"Mimi?"

"Si ni wewe? Ngoja." Zubeida alichukua simu yake, akatafuta, akabonyeza. Na sauti ya Nadira, nyepesi na yenye furaha, ikajaa sebule yote.

"Assalaam alaikum wapenzi. Kwa majina ni Nadira, niko Gitothua hapa karibu na soko. Mimi hii Pazia nimeitumia mwenyewe na haijawahi kunisumbua. Wallahi ni safi. Chukueni kwa Ronny msiogope."

Kama umewahi kununua kitu mtaani kupitia simu unaijua biashara hii. Muuzaji hakuombi uandike maoni, kwa kuwa maandishi mtu yeyote anaweza kuyabuni. Anakuomba sauti. Sauti ya jirani unayemjua, akitaja jina lake na anakokaa, na akiapa juu yake, inauza kuliko tangazo la redio. Ronny alikuwa ameiweka sauti ya Nadira kwenye status yake, na watu wakaisambaza. Nadira aliirekodi akisonga ugali, akasahau. Alikuwa amemtaja Mungu kwa kitu ambacho masharti yake hakuyasoma.

Sauti ilipokwisha Zubeida aliishusha simu magotini.

"Sasa," Mzee Uthman alisema, "ni safi ama ina virusi?"

"Mzee..."

"Mimi si mtu wa mitandao. Lakini najua kiapo."

Nadira aliishika ile leso magotini akaanza kuikunja bila sababu. Hapo ndipo angeweza kudanganya tena. Uongo ulikuwa tayari mdomoni: Ronny alinihadaa, mimi sikujua, mwizi bado ni Mahir. Lakini alikuwa ametoka kusikia sauti yake mwenyewe ikiapa, na alijichukia.

"Si Mahir," alisema.

"Si Mahir nini?"

"Yule tapeli. Si Mahir. Hajafanya kitu." Alianza kulia, na akaendelea kusema huku analia, maneno yakigongana. "Ni hii Pazia. Watu wa mbali wanapitia kwa laptop yangu wanafanya ubaya, halafu inaonekana ni nyumba yetu. Nimejua leo asubuhi. Nimekuja hapa nikijua. Mmenipa leso nikijua."

Zubeida aliitupa simu yake juu ya kochi kama imemuuma. "Ya Rabi. Na yangu?"

"Hata yako, Mama. Na za wale wote."

"Ulijua asubuhi," Mzee Uthman alisema pole pole, "na ukakaa hapa ukatuacha tukusifu."

"Ndiyo."

"Huoni haya?"

"Naona, Mzee. Naona mpaka sijui niweke uso wapi."

Mzee Uthman aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa amemwita kijana wa watu mwizi mbele ya majirani, naye alihitaji kuwa na sababu. "Kama hakuwa na hatia, mbona alikataa kufungua simu? Mtu safi anaficha nini?"

"Hiyo sijui, Mzee. Walla..." Nadira akalikata neno katikati. "Sijui."

"Mimi najua."

Ilikuwa sauti ya Zainab. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu posa ivunjike.

"Rudi chumbani," mama yake alisema.

"Sirudi. Mimi ndiye nilikuwa ndani ya hiyo simu."

Kama uliketi vizuri, shika kiti.

"Ulikuwa unaongea na mwanamume kabla ya nikahi?" Mzee Uthman aliuliza, sauti ikipanda.

"Nilikuwa namfundisha." Zainab alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Baba, unakumbuka siku ulimwambia Mahir asome Yasini mbele ya wageni, akasema anaumwa na koo? Hakuwa anaumwa. Hajui kusoma Kurani. Omar alilelewa na baba mdogo huko Majengo akasoma madrasa. Mahir alibaki shambani na mama yao, na mama yao ni wa kanisa. Alikuwa anaogopa utamkataa. Kwa hivyo kila jioni namtumia sauti yangu. Alifu, bee, tee, vile mlinifundisha nikiwa mdogo. Yeye anajifungia anarudia."

Akamgeukia mama yake.

"Angefungua simu mngenisikia mimi," Zainab alisema. "Alikubali kuitwa mwizi ili msinisikie mimi. Na huyu akasimama akasema alijua tu."

Hakumtazama Nadira aliposema huyu. Hiyo ilimuuma Nadira kuliko kama angetukanwa. Zile jioni zote alizopita nje ya mlango wa Mahir akisikia mnong'ono, akatikisa kichwa na kumwambia Omar, ndugu yako ana mambo. Mtu mzima alikuwa ndani anajifunza herufi kama mtoto wa chekechea, kwa aibu, na yeye alimwongezea aibu nyingine juu yake.

Mzee Uthman aliketi tena. Alionekana amezeeka. "Mpigie," alisema hatimaye. "Mpigie kijana hapa hapa. Weka spika. Nitamwomba msamaha mwenyewe."

Nadira alipiga. Simu ya Mahir ilikuwa imezimwa. Akapiga ya mama mkwe wake, Syokau, huko Gatuanyaga. Ikaita sana, mbuzi wakisikika kabla ya mtu.

"Aiya, Nadira. Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama. Mahir yuko wapi? Namtaka haraka."

"Hayuko. Omar amekuja kumchukua, wameenda Thika, kwa polisi."

"Kufanya nini?"

"Mahir amesema anaenda kukubali."

"Kukubali nini, Mama? Hakufanya!"

"Najua hakufanya. Hata yeye anajua. Si yule kijana wa waya alimpigia jana akamweleza yote, ati ni kitu iko kwa kompyuta yako? Nikamwambia sasa enda useme. Akakataa. Akamwambia yule kijana asikuambie kitu."

"Kwa nini?" Nadira aliuliza, ingawa alikuwa ameanza kujua.

"Alisema wakichukua hiyo kompyuta, kazi yako imeisha, na Omar atajua ile kitu ulimficha. Akasema harusi yake imeshavunjika, hana ingine ya kupoteza, lakini wewe uko na nyumba." Mama yule alivuta pumzi. "Omar hajui. Yeye anafikiri anapeleka mwizi. Mwanangu, mimi sina masomo. Lakini hii ni haki?"

Zainab alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Zubeida alikuwa anasema astaghfirullah, tena na tena, bila kumwelekezea mtu.

"Mpigie bwanako," Mzee Uthman alisema. "Upesi."

Hili ndilo Nadira alilokuwa amelikimbia tangu asubuhi. Kwa Mzee Uthman alikuwa ameaibika, sawa, lakini Mzee Uthman angeweza kukaa mbali naye. Omar ndiye anayelala karibu naye. Omar ndiye aliyetembea Thika nzima akisema, mke wangu ameandikwa na wazungu kwa akili zake.

Omar alishika simu mara moja. "Nadira, siwezi ongea sana. Tuko ndani ya kituo. Mahir anataka kuandika maelezo."

"Ameandika?"

"Amepewa kalamu sasa hivi."

"Mnyang'anye."

"Nini?"

"Omar, mnyang'anye hiyo kalamu! Si yeye. Ni laptop yangu. Niliweka kitu cha bei rahisi cha kunificha, na watu wabaya wakakitumia kupita kwetu." Alifunga macho. Hili la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. "Na sikuandikwa na kampuni, Omar. Hawachukui watu wa Kenya. Nimekuwa nikijifanya niko Amerika. Nimekudanganya tangu siku ya kwanza. Mahir alijua na akaninyamazia. Sasa anataka kufungwa kwa ajili ya uongo wangu."

Upande wa pili palisikika kiti kikiburutwa. Kisha Omar akazungumza, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Nadira, simu iko mezani. Nilikuwa nimeweka spika."

Kabla hajaelewa, sauti nyingine iliingia, ya Mahir, yenye haraka. "Shemeji, kata simu. Hujasema kitu. Kata tu."

"Hapana, mama, usikate," alisema mtu wa tatu, sauti nzito ya mtu aliyezoea kutii amri na kutoa. "Kijana, weka hiyo kalamu chini. Mama, wewe ni nani?"

Mahir alikuwa bado anasema kata, kata. Nadira aliisikia sauti hiyo inamwombea, sauti ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimwita tapeli mbele ya wakwe, na hakuweza kuivumilia.

"Naitwa Nadira," alisema. "Ni mke wa Omar hapo. Msimwandike huyo kijana. Nakuja mwenyewe."

"Njoo na hiyo kompyuta."

"Nakuja nayo."

Alisubiri Omar aseme kitu.

"Kuja basi," Omar alisema. "Lakini tukitoka hapa, mimi na wewe, sijui tutarudi nyumba gani."

Simu ikakatika. Mzee Uthman alichukua ufunguo wa gari kwenye msumari bila kusema neno, Zainab akaanza kuvaa viatu bila kumwomba mtu ruhusa, na Nadira akaiweka ile leso juu ya sinia na kuwafuata nje, wapitie kwanza Gitothua kuchukua laptop.